Vitenge vya Sikukuu ya Uhuru

Katika habari hii yamo niliyoyaona kwa macho yangu na yamo niliyoambiwa, nami sitaki yachanganyike. Kwamba mke wangu alipanda mtumbwi hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kwenda kisiwani, niliona. Mimi ndiye niliyempokeza kikapu chake. Kwamba mtumbwi huo ulizama, niliambiwa. Niliambiwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na uhakika kumshinda mwenzake, lakini hakuna aliyesema, "Nilikuwapo."

Safari yenyewe ilikuwa ya vitenge. Kwaya ya akina mama wa Mantapala, kambi tunayoishi sisi tuliotoka Kongo, ilikuwa imealikwa kuandamana uwanjani siku ya Uhuru wa Zambia. Hawakutaka kuandamana kila mtu na rangi yake. Mke wangu na wenzake wawili wakatumwa kisiwani, ambako wafanyabiashara wa Kongo hushusha vitenge vyao, wanunue vya aina moja: kijani chenye maua ya rangi ya chungwa. Walipaswa kurudi siku moja kabla ya sikukuu. Siku hiyo upepo ulivuma tangu asubuhi, Mweru ikawa nyeupe kwa povu, na hakuna mtumbwi uliofika. Hilo pia niliona.

Nilikuwa nimeshuka kutoka kambini na kulala kwa mjane mmoja wa kwetu anayeuza samaki karibu na gati. Asubuhi ya sikukuu nilikuwa nimekwisha kuvaa suti na viatu vya kanisani aliporudi kutoka sokoni mikono mitupu, bila hata beseni lake.

"Mwalimu, kaa chini kwanza."

"Sikai. Sema."

"Batu banasema ule mutumbwi ya bamama ilizama."

"Nani aliona?"

"Soko yote inasema."

"Soko halina macho. Nani aliona?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mungu wangu! Hata kwa lufu, mutu amekufa, unauliza maswali kama kwa egzame!"

Majirani wakaanza kuingia. Kwetu msiba haungoji: viti hutolewa nje, mikeka hutandikwa, moto huwashwa uani. Mkeka wa kwanza ulipotandikwa niliukunja mwenyewe na kuurudisha ndani. Mwanamke mmoja aliyekwisha kuanza kulia nilimwomba anyamaze mpaka atakapokuwa na sababu. Walinong'ona kwamba mzee huyu ana moyo wa jiwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeukumbatia ule mkeka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikatoka kwenda sokoni kuifuata habari kinyumenyume. Muuza sukari aliisikia kwa fundi baiskeli. Fundi baiskeli aliisikia kwa mama wa maandazi. Huyo wa maandazi akanionyesha kwa kidole kijana aliyekuwa akipanga samaki wakavu, mchuuzi wa Kongo aliyevuka mapema asubuhi ile.

"Wewe ndiye uliyeona?"

"Njo mimi, papa. Pole sana."

"Pole iweke kando. Uliona nini?"

"Tulipita karibu na kisiwa. Nikaona vitenge vya kijani, vingi, juu ya matete, kando ya mayi."

"Na mtu?"

"Mutu, hapana."

"Na mtumbwi?"

"Uko mucangani. Umepinduka, tumbo juu."

"Ulikuwa mchangani au majini?"

Akafikiri. "Mucangani, papa. Pakavu."

"Basi umesema uliona vitenge na mtumbwi. Nani aliyesema watu wamekufa?"

Akajikuna shingo. "Hiyo ilikuwa tayari hapa wakati nilirudi kutoka kunywa chai."

Nilimshukuru, kwani yeye peke yake sokoni pale alikuwa amenipa kitu cha kushika. Lakini nisijisifu. Mtumbwi uliopinduliwa na vitenge visivyo na mwenyewe si habari ya kumpa mume usingizi. Nikaenda gatini, nikasimama palipo na matope. Nyuma yangu, kutoka uwanjani, vipaza sauti vilianza kuimba wimbo wa taifa, na watu wote waliokuwa gatini wakasimama wima. Nami nikasimama wima, uso wangu ukiwa ziwani.

Mtumbwi ulitokea kabla ya hotuba kuanza. Niliwahesabu waliomo, nikahesabu tena. Mke wangu alikuwa mbele, kikapu magotini.

"Papa!" alipaza sauti hata kabla hawajagusa nchi. "Unafanya nini na viatu vya kanisa kwa matope?"

"Nilikuja kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini?"

"Kwamba unafika."

Wenzake walicheka. Mmoja alisema, "Leo mwalimu ametuandikia mapenzi!" Nikampokea kikapu chake.

Njiani kwenda uwanjani aliniambia, na haya nayaandika kama niliyoambiwa ingawa msemaji namwamini tangu ujana. Upepo uliwazuia; waliupindua mtumbwi wakalala chini yake, mvua isiwanyeshee. Kulipokucha waliona kwamba hakutakuwa na nafasi ya kufua wakifika. Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba kitenge kipya kina wanga wa kiwandani: usipokifua kwanza husimama kama karatasi na kuteleza kiunoni. Wakavifua palepale ziwani, wakavianika juu ya matete, kisha wakaenda nyuma ya miamba kuchemsha chai.

"Mbele ya serikali nzima kitenge kinianguke?" alisema. "Afazali nichelewe."

Vitenge vilikuwa bado vibichi. Waliwagawia wenzao nyuma ya jukwaa, wakajifunga hivyohivyo. Kipaza sauti kikaita kwa Kibemba, "Bamayo ba ku Mantapala!" na akina mama wakatoka kwa safu, wakiimba.

Inasemekana mgeni wa heshima aliwapigia makofi kuliko vikundi vyote. Sikumwona; jukwaa lilikuwa mbali. Nilimwona mke wangu katika safu ya pili, akiinua magoti kama askari, na pindo la kitenge chake likidondosha maji ya Mweru juu ya vumbi la uwanja.