Mikono Mirefu Kwenye Sinia la Baba

Harufu ya majani ya kunde yanayochemka katika maji ya majivu si harufu ya kumwita mgeni. Inakaribia ile ya nguo zilizolowekwa zikasahauliwa. Lakini wiki iliyopita nilipita nyuma ya nyumba ya jirani, nikaisikia, na mate yakanijaa mdomoni kabla akili haijapata nafasi ya kutoa maoni yake. Nina shahada mbili na miwani ya kusomea. Tumbo langu halijapata kuviheshimu hata kimoja. Lilikuwa limekwisha rudi Arua, kwenye mkeka, mbele ya sinia la baba.

Sisi tulikuwa Wanubi wa mjini, na tulikula kwenye sinia moja. Sinia lina mipaka ingawa hakuna aliyeichora: kila mtu anakula kilicho mbele yake. Nyama ikiwa upande wa mwenzio ni ya mwenzio, hata kama inakutazama wewe. Ukipeleka mkono ng'ambo, husemwi wewe. Anasemwa mama aliyekulea. Na mama yetu alikuwa na sifa. Wanawake wa mtaani waliwagombeza watoto wao kwa kututaja sisi: "Angalia watoto ya Mama Rajabu! Wanakula kama mashehe." Rajabu ni kaka yangu. Ni kweli alikula kama shehe, ila shehe mwenye haraka.

Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka tumbaku Kampala na kurudi na chochote kilichopatikana. Mwaka ule, nadhani nilikuwa na miaka minane, alianza kukonda. Alikunywa maji kama shamba la mchanga, na turuboi wake, kijana wa kumsaidia kwenye lori, akawa analalamika kwamba lori linasimama kila kichaka. Akaenda hospitalini. Sisi watoto hatukuambiwa alichoambiwa, lakini nyinyi nawaambia sasa hivi, msije mkahangaika kama nilivyohangaika mimi: alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimtaka aache sukari na mikate ya unga mweupe, apunguze ugali, ale majani, kunde na samaki. Asipofanya hivyo, macho yangekwenda, au miguu, na vyote hivyo viwili ndivyo vilivyoendesha lori.

Baba alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Hakutaka kupikiwa peke yake.

"Mimi hapana kula chungu ya mugonjwa," alimwambia mama. "Watu wakisikia, nani atanipatia gari?"

Basi mama akatuuguza sote. Kuanzia wiki ile nyumba nzima ilikula majani ya kunde kwa simsim, maharage, samaki mkavu wa kutoka mtoni, na kipande cha ugali wa mtama kilichokatwa kwa ubahili. Chai ikaja haina sukari. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nilihitimisha kwamba tumefilisika.

Lazima mkumbuke ilikuwa miaka ya sabini. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Mwanamke aliyeipata alikorogea chai yake mlangoni, ili kijiko kisikike mpaka nyumba ya tatu. Rafiki yangu Safia alionja chai yetu mara moja, akaitema. "Chai ya kwenu iko kama dawa ya minyoo," alisema. Nikamjibu kwa madaha kwamba Wazungu ndivyo wanavyokunywa. Sikuwa nimewahi kumwona Mzungu akinywa chochote.

Ndipo akaja Shangazi Zainabu kutoka Koboko.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mke wa mwanajeshi, na alishuka kwenye gari amekumbatia mfuko wa sukari kama mtoto mchanga. Alikuwa amesikia kwamba mdogo wake amekonda. Kwa shangazi, mwanamume hakondi ila kwa sababu moja, na sababu hiyo huishi jikoni. Mama hakuweza kumweleza ukweli. Shangazi alikuwa mtu mwema sana, lakini siri uliyompa asubuhi ungeikuta alasiri kwenye maegesho ya malori, ikiwa imeongezewa homa na kifafa.

Siku ya pili tu shangazi aliingia jikoni mwenyewe, akamwondoa mama kwa nyonga, akapika gurusa. Ni mikate yetu ya kumimina, minene, laini, yenye matundu. Alitia sukari kwenye unga. Kisha akayeyusha sukari nyingine akaimwaga juu, mpaka mikate ikang'aa. Akaipanga kwenye sinia, na rundo kubwa kuliko yote akaliweka mbele ya baba. Kisha akaketi kando yake kuhakikisha.

"Kula, ndugu yangu. Hapa wanakulisha majani kama mbuzi."

Sasa, mtu hamkatalii dada yake mkubwa chakula cha mkono wake. Baba alikula mkate mmoja. Alimsifu mpishi. Shangazi akamsogezea wa pili, baba akautazama kwa muda, akaumega. Sisi watoto tulikula vipande vyetu vidogo vilivyokuwa mbele yetu, tukavimaliza, tukatulia na adabu yetu, macho yakiwa ng'ambo.

Mama alitokea mlangoni na birika la maji ya kunawa. Aliona rundo. Aliona mkono wa baba ukirudi tena.

"Watoto," alisema, "leo kuleni ya baba."

Hakuna aliyesogea. Tulidhani tunatahiniwa.

"Rajabu! Hawa! Nasema mukule mbele ya baba yenu. Mbio!"

Hawa ni mimi, lakini Rajabu ndiye aliyetangulia, na akishatangulia Rajabu huna muda wa kutafakari. Tulivuka mpaka. Mikono yetu ilipita juu ya sinia, ikarudi na mikate mizima, ikaenda tena, sukari ikitiririka hadi viwikoni. Mdogo wetu aliyekuwa hajui kutembea vizuri alipanda kabisa juu ya goti la baba ili afike karibu.

"Ya Salaam!" shangazi alipiga kelele. "Watoto hii iko na adabu gani? Wananyang'anya baba yao chakula! Mama Rajabu, iko nini hii?"

Baba alimtazama mama. Kisha akauondoa mkono wake kwenye sinia, akaupangusa, akacheka.

"Waache, dada. Wamenishinda."

Mama alisimama na birika lake, uso hauna hata kunyanzi. "Adabu nimefundisha, dada," alisema. "Imekataa kuingia."

Shangazi alikaa wiki nzima, na kila gurusa zilipoletwa, jambo ni lilelile. Tulimaliza mfuko wa sukari bila baba kurudia kosa lake. Shangazi aliporudi Koboko, habari zilisafiri naye. Kwenye harusi za huko tulitengewa sahani zetu mbali na watu, na miaka mingi baadaye, nilipoposwa, shangazi aliona ni haki kuwatahadharisha wakwe: huyu ni binti mzuri, lakini wakati wa kula mumuangalie mukono.

Mwaka wa 1979, vita vilipotufikia, tulikimbilia kaskazini na maelfu ya wengine. Kutoka Koboko hadi mpakani hapakuwa na gari. Baba alitembea njia yote, mdogo wetu mabegani, akituhesabu kwa sauti kila tulipopita kundi la watu. Alikuwa na macho ya kutuona na miguu ya kutufikisha, na mimi niliona ni jambo la kawaida tu, kwamba baba hutembea.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama juu ya zile gurusa. Hakuacha kuchambua majani yake. "Adabu mungejifunza tena," alisema. "Baba mwingine ningewatolea wapi?"

Mwanamke wa mji kama ule hakuwa na mali inayoonekana zaidi ya adabu ya watoto wake, na yeye aliitoa yote mbele ya wifi yake, akiwa ameshika birika. Sifa yetu haijarudi Koboko mpaka leo, na sijawahi kuidai.