Sufuria Yangu Ndogo

Kwetu Kulesa sukari haingoji kikombe, inachemka pamoja na chai. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikionja na kusema imekolea, na wageni kutoka Garsen wakiomba kikombe cha pili. Halafu vidole vya mguu vikafa ganzi. Muuguzi akanipima, akasema nipunguze mwili na niache sukari, la sivyo mguu utakatwa.

Nikahamia asali ya mizinga aliyoacha marehemu mume wangu. Asali ni dawa, nani asiyejua? Niliporudi kliniki, hata kilo moja haikuwa imetoka.

Muuguzi akacheka. "Mama, kwa damu yako hiyo ni sukari tu. Umeibadilisha nguo."

Mjukuu wangu akaniletea vidonge vya utamu, vya kutia chai badala ya sukari. Jirani akasema vinaleta ugonjwa mbaya. Muuguzi akasema vichache havina neno, ila bora zaidi ulimi uzoee chai isiyo na kitu. Nilivijaribu siku tatu. Vinaacha mdomo kama umelamba sarafu. Nikaviacha.

Sasa nina sufuria yangu ndogo, ya chai isiyo na kitu. Kilo sita zimetoka. Muuguzi alinipigia makofi, nami sikuhisi chochote.

Sufuria kubwa ya wote bado naipika mimi, simwachii mtu. Ikichemka namwita mke wa mwanangu.

"Onja. Imekolea?"

"Imekolea, mama."

"Una hakika?"

"Mama, si umenifundisha wewe?"

Basi namimina.