Jina Ambalo 'Mamosa Hakulitaja

'Mamosa Thekiso, ambaye kwa baba yake aliitwa Nthatisi binti Ramaema, alikuwa Mtaung, mtu wa ukoo wa Simba. Babu yake alikwenda kwa miguu hadi machimbo ya almasi na akarudi kwa miguu, akiwa na bunduki moja begani, na ile bunduki akaiuza akanunua ng'ombe. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliovunja mawe na kuichonga barabara ya kupanda kijiji cha Ha Sekoati, ujira wao unga na mafuta, wanaume wote wakiwa migodini. Lori linalopita pale leo linapita juu ya migongo yao. Naye Nthatisi mwenyewe, aliyepewa jina la 'Mamosa siku alipoingia nyumba ya akina Thekiso kuwa mkaza mwana wao, ndiye aliyeiita ndege ya daktari kwa redio ya hospitali ya misheni mwaka wa mafuriko, akirudia maneno yale yale kwa saa tano hadi akajibiwa.

Redio ilipoondoka hospitalini ikaja simu, akaishika. Simu ilipozeeka ikaja kompyuta, na watu wakasema haya sasa, mama huyu atarudi nyumbani akapalilie njegere zake. Hakurudi. Alikaa na mwalimu aliyeletwa na misheni wiki sita, akaandika kila kitu katika daftari la mistari, na mwalimu alipoondoka ilikuwa ni yeye anayeulizwa.

Mashine ya barua za hospitali ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya maziwa ya unga. Barua pepe zote za waganga na wauguzi ziliingia humo. Lakini Ha Sekoati ni juu. Theluji ikianguka, laini ya simu hukatika, betri za jua hufa, na mashine hulala. Kwa hiyo misheni iliweka mashine ya pili mjini Maseru, ya akiba. Ile ya nyumbani ikilala, barua hupokewa Maseru na kutunzwa, na laini ikirudi mashine ya Maseru huzisukuma kupanda mlima, moja moja, kila moja kwa mwenyewe. 'Mamosa aliwaeleza wauguzi kwamba ni kama jirani anayekupokelea wageni ukiwa shambani.

Jirani huyo alikuwa na masharti. Alipewa orodha ya majina ya watu wa nyumba. Barua yenye jina lililomo aliitunza. Yenye jina asilolijua hakuirudisha kwa aliyeituma, kwa sababu matapeli hutuma barua maelfu kwa majina ya kubuni, na kila jibu wanalopata huwafunza majina ya kweli ni yapi. Aliitupa kapuni, na kapu lilimwagwa kila baada ya siku kumi na nne.

Orodha ile 'Mamosa aliisoma kwa simu, mwezi wa Februari. Angeweza kuipeleka kwa maandishi, lakini siku hiyo laini ilikuwa ikikatika kila mara, na Sechaba, yule kijana mtunza mashine wa Maseru, alikuwa na haraka ya kufunga kazi. Majina yalikuwa arobaini na moja. Ilikuwa desturi ya hospitali kuandika anwani za barua kwa jina la kwanza la mtu. Alisoma vizuri hadi ishirini na mbili.

La ishirini na tatu lilikuwa la daktari mkuu. Kila mtu alimwita Daktari Mokone, na kwa jina hilo 'Mamosa alikuwa amefanya naye kazi miaka tisa bila tatizo. Lakini jina lake la kwanza lilikuwa Tlali, na Tlali ndilo jina la mzee aliyemzaa mume wa 'Mamosa. Jina la baba mkwe mkaza mwana halitaji. Mzee alikuwa kaburini tangu zamani, mume naye kaburini, mapafu yake yamejaa vumbi la mgodi, na bado kwa miaka thelathini na mitatu jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake. Hata radi inayopiga na kuunguza nyumba, kwa kuwa watu wa huko huiita kwa jina hilo hilo, yeye aliiita moto wa juu. Hakuona kuwa ni mzigo. Ni malezi, na alijivunia malezi yake.

"Ishirini na tatu, Daktari Mokone," alisema.

"Mwanzo wa anwani yake niandikeje, 'm'e?" Sechaba aliuliza, akimwita mama kwa lugha yao.

"Si unamjua daktari wetu, ntate," alijibu, naye akimwita baba kwa heshima. " Mwandike kama alivyo."

"Haya, nimeandika. Twende."

Wakaenda. Sechaba aliandika Mokone, na 'Mamosa akaamini ameandika lile lingine. Tangu Februari hadi Julai mashine ya nyumbani haikulala hata siku moja, barua za daktari zikaingia moja kwa moja bila kupitia kwa jirani, na kosa lile likakaa kimya kama yai bovu kati ya mayai mazima.

Theluji ikaanguka Ijumaa ya tarehe nane Julai. Ilianguka siku tatu. Laini ikakatika, simu za mkononi zikafa, barabara ikafunga.

Katika wodi ya kifua alikuwemo Puseletso, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mchambua sufu katika banda la kukatia manyoya ya kondoo. Walisema akifumba macho na kushika sufu kwa vidole viwili alikuambia ni ya bonde gani. Kifua kikuu chake kilikuwa kimekataa dawa. Daktari alikuwa amepeleka makohozi yake kwenye maabara kubwa Maseru, yapimwe ijulikane ni dawa zipi zitamfaa, na jibu lilikuwa lije kwa barua pepe. Bila jibu daktari asingethubutu kubadilisha, maana zile dawa nyingine ni kali, humwua asiyezihitaji.

'Mamosa alimjua Puseletso tangu akibebwa mgongoni. Kila asubuhi alipita dirishani pake, na kila asubuhi aliulizwa swali moja.

"Karatasi yangu imefika, 'm'e?"

"Bado, mwanangu. Ikifika nitaileta mwenyewe kwa miguu yangu."

"Basi nitakufa nikingoja," Puseletso alisema, akacheka hadi akakohoa. "Miguu yako naijua. Hata kobe hukupita ukipanda kilima."

Jumamosi ya tarehe kumi na sita laini ikarudi. Betri zilikuwa zimepata jua, mashine ikaamka, na Maseru ikaanza kusukuma. Barua mia tatu na kumi na mbili zilipanda mlima siku hiyo, na 'Mamosa alikaa mbele ya mashine kuanzia kifungua kinywa hadi giza lilipoingia, akizitazama zinavyojipanga kila moja kwa mwenyewe. Wauguzi walikuja kumtania kwamba jirani yake wa Maseru kala nusu ya barua zao. Aliwaambia jirani huyo hali cha mtu, ana adabu kuliko wao.

Jumatatu Daktari Mokone alikuja stoo, kofia mkononi, akauliza kama hakuna chake kutoka maabara. 'Mamosa alitazama. Hakuna. Daktari akasema labda apige simu.

Hapo ndipo 'Mamosa alipolisema neno ambalo baadaye lilimwamsha usiku kwa miaka. Alisema, "Kama wangekuwa wameituma ingekwisha fika, ntate. Zote zimefika. Nimezihesabu."

Alisema kweli kwa jinsi alivyoijua kweli. Na kwa kuwa maabara ile ilijulikana kwa uvivu, na kwa kuwa 'Mamosa hakuwa mtu wa kukosea, daktari alivaa kofia yake akarudi wodini, na hakupiga simu hadi Ijumaa.

Ijumaa maabara ikamjibu kwamba jibu lilitumwa tarehe kumi na mbili. Daktari alikuja stoo mbio. 'Mamosa akampigia Sechaba, na Sechaba akaikuta barua ndani ya kapu la taka, bado siku nne imwagwe. Ilisema dawa anazomeza Puseletso hazimsaidii kitu. Zikabadilishwa jioni ile ile. Puseletso alikufa Jumatano iliyofuata, dirisha likiwa na barafu.

Alipoulizwa, daktari alisema pengine angekufa tu, mapafu yalikwisha liwa. Alisema pengine mara tatu, na mara ya tatu hakumtazama mtu.

Barabara ilipofunguka walikaa kikao. Alikuwepo Sista mkuu wa misheni, mtu wa ng'ambo, mwema lakini mwepesi wa kuamua; daktari; Ntate Lefu, shemeji yake 'Mamosa, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekaa kwenye kamati ya hospitali kwa niaba ya chifu; na Sechaba, aliyepandishwa na lori la unga. Sechaba alikuwa na karatasi yake ya Februari, na kwenye namba ishirini na tatu ilisomeka Mokone. Alisema aliandika alichosomewa. Sista akamjibu kwamba 'm'e huyu ameshika barua za hospitali hii tangu yeye Sechaba hajazaliwa na hajawahi kupotosha hata moja, na kwamba mtu anayeandika kwa haraka ya kwenda nyumbani atafute kazi isiyo na roho za watu. Kijana akainama. Alikuwa na mke mja mzito.

'Mamosa alikuwa amelijua jambo hilo tangu Ijumaa ile, tangu Sechaba aliposoma kwa simu jina lililokuwa juu ya barua. Alikuwa amelijua siku ya mazishi, alipomwaga udongo na mama yake Puseletso akamshukuru kwa kupita dirishani. Siku zote hizo alijiambia hakuna atakayeuliza. Na kweli, hakuna aliyemwuliza.

"Mwacheni," alisema. "Aliandika nilichomwambia. Mimi ndiye niliyesema Mokone."

Sista akauliza kwa nini hakusema jina lenyewe kama alivyosema mengine.

Ntate Lefu alikuwa ameshaelewa. "Shemeji," alisema taratibu, "imetosha. Kaa chini."

"Haijatosha, ntate. Nikikaa chini kijana huyu atafukuzwa." Alishika ukingo wa meza. "Baba yenu aliitwa Tlali. Tlali. Sikuweza kulitaja, na nilikuwa na kalamu mkononi, ningeliandika nikampelekea kesho yake. Sikutaka hata kuliandika."

Hakuna aliyeinua macho. Sista peke yake ndiye aliyekuwa akitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumfafanulia, na daktari mwenye jina hilo alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Ntate Lefu akasimama, akajifunga blanketi lake, akachukua fimbo akatoka. Hakupiga kelele. Tangu siku hiyo akina Thekiso walimsalimu kama asalimiwavyo mgeni njiani, na msimu wa kusiriba kuta ulipofika hakuna mkaza mwana wa nyumba ile aliyekuja na ndoo. Alisiriba peke yake, na upande wa kusini hakuumaliza.

Sechaba alibaki na kazi yake. Kwa mama yake Puseletso 'Mamosa alikwenda mwenyewe, akamweleza yote mlangoni. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango, polepole, kama mtu anayefunga asiamshe mtoto.

Sista alimtaka abaki kazini. Alibaki hadi mwisho wa Septemba, kisha akasema basi.

Aliyepewa stoo ile ni 'Mapulane, binti mwepesi wa vidole aliyeolewa mwaka uliopita, jina lake jipya bado likimbana kama kiatu. 'Mamosa alimfunza mwezi mzima. Siku ya mwisho alimkalisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe, akasimama nyuma.

Alimwambia asingoje theluji. Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, mchana kweupe, aizime mashine ya nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, na Sechaba kule Maseru atume barua moja kwa kila jina, yote. Kisha aiwashe, amwache jirani asukume, naye ahesabu. Jina ambalo barua yake haijafika, asikae chini hadi imefika. Wauguzi watalalamika, watamwita mchawi wa mtandao. Awaache walalamike.

"Sasa nisomee orodha," alisema. "Kwa sauti. Leo majina ni arobaini na tatu."

'Mapulane akasoma. Alisoma vizuri, bila haraka, kidole chake kikishuka kwenye karatasi. Kumi na saba, kumi na nane, ishirini.

"Kumi na tisa umeiruka."

Binti aliondoa kidole kwenye karatasi. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Kumi na tisa alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, mtu mpole asiye na neno na mtu, ila jina lake lilikuwa pia la baba mkwe wa 'Mapulane.

"Siwezi kumtaja, 'm'e," alisema hatimaye. "Unajua mwenyewe. Nitamwandikia Sechaba."

"Lini?"

"Kesho."

'Mamosa alivuta kalamu kutoka nywele zake, akaiweka juu ya karatasi, mbele ya mkono wa binti.

"Sikulazimishi kutaja," alisema. "Andika. Sasa hivi, nikikuona. Anza na hilo, ndipo uendelee na mengine."