Ng'ombe Wasiohesabiwa

Kwao Ngulyati ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Ukitaja idadi, wanasema, umeuita msiba uje kuipunguza. Ndiyo maana binti niliyemfundisha hesabu kidato cha pili hakuiogopa x kama wenzake. Kitu kipo, kina idadi yake, ila hatuitaji. Hilo alilijua tangu utotoni.

Mwaka ule mvua ilikataa. Baba yake alikuwa amemwahidi hosteli Bariadi mjini, karibu na shule: ng'ombe yeyote atakayezidi wale wanne wa kukokota jembe angeuzwa kwa ajili hiyo. Bila hosteli angeendelea kutembea alfajiri, gizani, kwenye njia ileile ambako dada yake alibakwa. Baba aliporudi na mifugo kutoka malishoni, hakusema wamebaki wangapi.

Nilikuwa jirani yao. Jioni moja nilimkuta uani na kijiti, anachora udongoni.

“Mwalimu, leo bwana mifugo kawapa dawa ya minyoo. Kahesabu vichwa ishirini na saba, ng'ombe na mbuzi pamoja. Baba kamkatalia kuwatenganisha.”

“Na vidonge?”

“Thelathini na kimoja. Kila ng'ombe viwili, kila mbuzi kimoja.”

Nilifurahi, ndivyo tulivyo walimu. “Basi ng'ombe ni x, mbuzi ni y. Anza na lililo rahisi. Kwenye vichwa vyote ukitoa ng'ombe, wanabaki nani?”

“Mbuzi. Kwa hiyo y ni 27 – x.”

“Vizuri. Sasa nenda kwenye vidonge. Palipo na y, iondoe, uweke hicho ulichopata.”

Akaandika: 2x + 27 – x = 31.

“Umeona? Herufi zilikuwa mbili, imebaki moja. Taratibu tu, unaweza.”

Kijiti kilisimama kwenye x = 4.

“Nimekosea, Mwalimu?”

Siku zote nawaambia wanafunzi wasiliamini jibu kabla ya kulirudisha kwenye swali. Tukalirudisha. Nne na ishirini na tatu, ishirini na saba. Nane na ishirini na tatu, thelathini na moja. Sijawahi kutamani kosa kama jioni ile.

“Labda bwana mifugo ndiye kakosea,” alisema.

Baba yake akatoka zizini, akanisalimu kwa kilugha chao. “Mwadila, Mwalimu. Huyu anaelewa?”

“Anaelewa sana.”

Binti alikuwa ameshafuta jibu kwa unyayo. Baba alipatazama pale palipofutwa, kisha akamtazama yeye.

“Lete viatu vyako vya shule,” alimwambia. “Nivishone soli.”