Mlango wa Sanduku la Nakato

Ndugu zangu, aibu hii nimeificha mpaka imenichosha, basi wacha niiseme mwenyewe kabla mzee Okello hajawasimulia.

Nilikuwa fundi wa maabara hapa Kampala, Mkenya mjuaji, na kazi yetu ilikuwa virusi vinavyoleta saratani. Nakato, mwanafunzi wa utafiti, alinieleza kwamba katikati ya uvimbe damu haifiki vizuri, oksijeni inapungua, na virusi vilivyolala ndani ya seli hushtuka vikaamka. Akaweka seli zake kwenye sanduku lenye oksijeni kidogo sana, siku tatu, mlango usiguswe; virusi vikiamka, seli zitang'aa kijani. Digrii yake yote ilitegemea kijani hicho.

Mimi sasa (macho hayana pazia) siku ya pili nikajiambia, nitoe kisahani kimoja tu, nichungulie kwa darubini, nirudishe, nani atajua? Nikafungua, na papo hapo akaingia Okello, mzee wetu wa usafi, mwanajeshi mstaafu, na Kampala salamu haikatwi: habari ya nyumbani, ya watoto, ya mafuriko kwake Bwaise, ya wale niliowaacha Kenya, nami naitikia kwa adabu zote, mkono umeshika mlango wazi, hewa ikiingia.

Siku ya mkutano wa maabara wa kuonyesha matokeo, hakuna kilichong'aa. Profesa wetu akasema labda Nakato ni mzembe, mwingine akalaumu joto, Nakato akainamisha kichwa, na mimi nilipoulizwa (Mungu anisamehe) nikasema, "Labda virusi vya huku vimezoea shida." Watu wakaandika.

Ndipo Okello akaingia na chai, akaniona.

"Eh, ndugu ya Kenya, leo tunasalimiana muzuri, hakuna mlango ya kushika. Ile siku mkono yako haikuuma?"

"Mlango gani, mzee?" Nakato akauliza.

"Ya sanduku yako, nyabo," akamjibu kwa heshima ya Kiganda.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakiri mbele ya wote, na Nakato hakunitukana, jambo lililoniuma zaidi. Akaanza upya, nami nikalinda mlango, nikimsalimia Okello kwa mbali, mikono mgongoni. Siku ya tatu Nakato akaniita kwenye darubini.

"Tangulia wewe, ssebo, si ndiye ulikuwa na haraka."

Kijani kila mahali, kama migomba baada ya mvua. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Tangu hapo sifungui kitu ambacho saa yake haijafika, hata sufuria ya mke wangu.