Madaftari Matatu ya Chama cha Kuzikana

Hapana, kuandika sijui mpaka leo, na daftari hata moja halikukaa kwangu. Yalikuwa matatu: la Kashozi, la Kashai, la Kemondo. Kabla ya vita lilikuwa moja, likaungua pamoja na nyumba ya aliyelitunza, tukabaki tunabishana nani mwanachama nani siye, na maiti iko ndani. Ndiyo tukasema yawe matatu, nyumba tatu, moja likipotea mengine yapo. Kila mwezi makatibu wakutane Kashozi baada ya misa, wasomeane, wasahihishe.

Wakutane! Yule wa Kemondo aache samaki wake?

Ukaja ule ugonjwa, tukawa tunazika kila wiki. Jirani yangu, mjane, akaugua, akaenda kwao Muleba mama yake amuuguze. Kupata nafuu, anarudi, anasikia jina limefutwa. Ukifutwa, chama hakikuziki, na miaka ile nani mwingine angekugusa? Yeye alitaka alazwe kibanjani, migombani, pembeni ya mume wake. Hilo tu.

Tukaita kikao nyumbani kwa mwenyekiti. Katibu wa Kashozi akafungua lake: "Yumo."

Kemondo, na ile sauti yake ya padri mwenye mafua: "Kwangu, waitu, ndugu zangu, a-me-ha-ma."

Kashai naye, kasauti kama mlango usiotiwa mafuta: "Hata kwangu amehama."

Mwenyekiti akakohoa, khm, khm, kama mnunuzi wa kahawa anayetaka kupunguza bei. "Mawili kwa moja. Amehama."

Nikamgeukia Kashai. "Baba, nani alikwambia kahama?"

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye la Kemondo. Nililinakili lote. Kupanda mpaka Kashozi ni mbali, mama."

Mawe, mama yangu! Nilicheka mpaka kanga ikafunguka. "Na wewe Kemondo, nani alikwambia?"

"Nilisikia amepanda gari na godoro."

"Mgonjwa alalie nini, mgongo wako?"

Unafikiri waliona aibu? Wakaanza upya. Kashai anataka tupige kura. Kemondo anataka tungoje mwezi ujao, kalamu yake imekauka. Mwenyekiti, khm, kanuni ni kanuni.

Mjane alikuwa kwenye mkeka mlangoni, wamemsahau. Akainuka, ameshika mhimili, mwembamba hivi.

"Mimi sijahama," akasema. "Nakufa. Andikeni."