Dawati la Mbele

Nikinusa spiriti, namkumbuka mdogo wangu. Wazazi walipofariki niliacha shule nimlee, na kila asubuhi nilimpangusa usaha masikioni kwa pamba yenye spiriti.

Siku moja mwalimu wake, katika shule ya kule Kileleshwa, aliniita darasani. Alitaka kumfukuza.

"Ni mkaidi. Nikiandika ubaoni nimwite, kimya!"

"Mwalimu, hebu ficha mdomo kwa kitabu, umwite."

Alimwita mara tatu. Mdogo wangu, kwenye dawati lake la nyuma, alitabasamu tu, akingoja kitabu kishuke.

"Kumbe husoma midomo! Na muhula uliopita alikuwa wa pili!"

Mwalimu mwenyewe alilibeba dawati kutoka nyuma hadi mbele kabisa. Mdogo wangu akaketi, akakunja mikono, akamkazia macho mdomoni.

"Haya, mwalimu," akasema. "Endelea."